Swali la Thelathini na Nane

Fomu ya kwanza ilikuwa na maswali arobaini na sita. Ya mwisho, ile iliyopigwa muhuri wa mahakama, ilikuwa na arobaini na manne. Nina hakika, kwa sababu niliyahesabu mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, kama ninavyohesabu kila kitu. Yale mawili yaliyotoka yalitoka kwa mdomo wangu. Moja lilikuwa linanitisha mimi. La pili nililitoa kama malipo, na halikuwa langu kulitoa.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye meza ya mawakili, maana sura yangu si ya meza hiyo.

Miaka ya nyuma nilikuwa karani wa mabamba kwenye karakana ya kukata mawe, mashariki ya Johannesburg. Si mawe ya mlimani. Ni yale yanayotengenezwa kiwandani kwa mchanga na gundi, yanayolazwa juu ya kaunta za watu wenye jikoni kubwa kuliko chumba changu. Karakana zilikuwa tano, kampuni moja. Wenzangu walikata na kusugua. Mimi nilihesabu yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyovunjika. Vumbi lake lilikuwa jeupe na laini kama unga wa muhogo, na halikuwa na adabu. Liliingia masikioni, kwenye mkate, kwenye soksi ndani ya kiatu kilichofungwa. Tulikuwa tunataniana kwamba ukitaka kumjua mtu wa kampuni yetu ndani ya teksi, mchekeshe kidogo, kicheko kitageuka kikohozi.

Utani uliisha pale wanaume wa miaka thelathini na kitu walipoanza kupumzika katikati ya ngazi. Ikaja kesi ya pamoja dhidi ya kampuni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kazi, nauza mikanda na makava ya simu kwenye njia ya miguu Marshalltown, chini ya jengo lenye ofisi ya mawakili wetu. Wakili mwenyewe, dada mmoja wa hapa hapa, alikuja kununua mkanda. Nilitaja bei ya kijinga ili tuanze kubishana, akalipa. Nikamwonea huruma. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba huyo huyo aliyeshindwa kubishania mkanda ndiye anayekwenda kutubishania mapafu. Alikuwa anatafuta mtu wa Kiswahili, kwa sababu kati ya wadai kulikuwa na Wakongo, Warundi na Watanzania sitini na mmoja. Nilikuwa mdai, nilikuwa mkalimani, na bei zangu zilikuwa nafuu.

Mambo ya fomu ni hivi. Kabla kesi haijasogea, upande wa pili ulikuwa na haki ya kutuuliza maswali kwa maandishi, na kila mdai ayajibu kwa kiapo. Mahakama ikasema pande mbili zikae zikubaliane fomu moja ya watu wote. Majibu yako ndiyo yangekuweka kwenye kundi, na kundi ndilo lingekupeleka kwa daktari wa kesi. Asiye na mahali kwenye fomu hakuwa na mahali kwenye kesi.

Swali la tisa lilitoka upande wa pili: uraia wako, aina ya kibali chako, ambatisha nakala. La thelathini na nane aliliweka dada wakili: nani alifua nguo zako za kazi, na wapi?

Mimi ni mtu wa Kigoma. Karatasi yangu ya hifadhi ya ukimbizi ilisema mimi ni mtu wa Uvira, kule juu ng'ambo ya ziwa. Niliazima vita vya jirani. Ofisa aliyenihoji hakuwa amewahi kuliona ziwa hilo, na Kiswahili changu kwake kilikuwa ushahidi tosha. Kila baada ya miezi sita nilikwenda kupanga foleni ili wanisogezee mbele uongo wangu kwa muhuri mpya. Sikuwa napoteza usingizi. Nilikuwa najiambia kwamba vita vyenyewe haviishi kwa kuazimwa na mtu mmoja. Lakini kuandika jambo hilo kwa kiapo, halafu wakili wa kampuni alisome polepole na kalamu mkononi, hapo nikaanza kutafuta jinsi ya kulitoa swali hilo.

Sasa nguo. Nguo zangu za kazi zilifuliwa na mama mmoja wa Uvira, Uvira ya kweli, aliyekuwa anakaa Doornfontein ghorofa ya tano. Wanaume sita wa karakana yetu tulimpelekea. Kila Ijumaa nilimpa ovaroli mbili, nazihesabu mbele yake, moja, mbili. Kila Jumapili baada ya ibada ananirudishia, nazihesabu tena, moja, mbili. Alikuwa ananitazama nikihesabu. Wenzangu walikuwa wanamtupia tu mfuko mlangoni na kuondoka.

Mwanzoni alikuwa anaziloweka moja kwa moja kwenye bafu. Vumbi likaganda kwenye bomba kama saruji, msimamizi wa jengo akapanda juu na kelele. Basi yule mama akabuni utaratibu wake: kwanza anazitoa nje kwenye kibaraza, anajifunga kitenge mdomoni, anazipigapiga kwenye chuma cha ukingo mpaka ziache kutoa moshi, ndipo anazitia majini. Nguo kumi na mbili kila wiki. Nilishamkuta katikati ya wingu hilo, kope nyeupe.

"Maman, umezeeka ghafla," nikamwambia siku hiyo.

"Ni nyinyi mnanizeesha, papa. Leta zako, hesabu, uende."

Kikao cha kukubaliana fomu kilifanyika mwaka 2016, Marshalltown, kwenye chumba chenye zulia na sahani ya biskuti. Dada wakili alinipeleka ili nimwambie ni maswali yapi watu wetu watashindwa kuyajibu. Upande wa pili alikuja mzee mmoja mpole, miwani imening'inia kwa kamba kifuani. Walianza asubuhi. Walibishania kama tuulizwe sigara za miaka kumi au za maisha yote. Walibishania neno "mara kwa mara" kwa muda ambao mimi ningeuza mikanda mitatu. Nilijisikia niko nyumbani. Lugha ilikuwa Kiingereza cha suti, lakini mchezo ulikuwa ule ule wa njia ya miguu: unashika kitu usichokitaka kwa nguvu, ili ukikiachia kionekane cha thamani.

Walipofika swali la tisa mzee akagoma. Wakapumzika dakika kumi. Dada wakili akanivuta kwenye korido.

"Hatoi la tisa bure. Anataka kitu."

"Mpe la thelathini na nane," nikasema.

Akafunua karatasi zake. "La nguo? Hilo nimeliweka mimi. Kama kuna wake au dada zao waliokuwa wanafua, hapo ndipo wanapoonekana. Hakuna sehemu nyingine."

"Watu wetu wako peke yao hapa. Wanafua wenyewe, kwenye beseni."

"Wote?"

"Wote."

Shati nililolivaa wakati nasema hivyo lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi na yule mama Jumamosi. Bado lilinuka sabuni yake.

Tukarudi ndani. Dada wakili akatoa pendekezo. Mzee akakubali kabla sijamaliza kumeza biskuti. Sasa, mtu wa barabarani anajua: mteja akikubali bei ya kwanza, umejipunja, na yeye anajua alichokipata. Niliona mzee anakata mistari miwili kwa rula, taratibu, akianza na la thelathini na nane. Nilielewa pale pale. Nikachukua biskuti nyingine.

Siku za kujaza fomu, kanisa la Wakongo pale Doornfontein lilitupa ukumbi wake mdogo kila Jumamosi. Nilikaa na meza, kalamu tatu na kibandiko cha namba. Watu wakapanga mstari. Wiki ya pili yule mama akaingia na mfuko wa plastiki wenye karatasi za kliniki. Alikuwa amepungua. Walikuwa wamemtibu kifua kikuu miezi sita, halafu wakamwambia si kifua kikuu.

Mmoja wa wale sita, mkataji mwenye mdomo, akamtania: "Maman, wewe ulikata mawe lini?"

"Nilikata yale mliyoniletea mifukoni. Sogea."

"Eish, basi udai fidia kwetu sisi."

"Nyinyi? Hata hanga za nguo zangu hamjarudisha."

Watu wakacheka. Akakaa mbele yangu, akapanga karatasi zake zikae sawa kwenye ukingo wa meza. "Niandike, papa."

Nilichukua fomu nikaanza kufunua. Nilifunua kurasa zote mbele yake, kidole kikishuka swali kwa swali, nikijifanya natafuta. Ulifanya kazi karakana gani? Mashine gani? Mwaka gani? Nilifika arobaini na nne. Nikarudi mwanzo nikafunua tena. Katika mambo niliyofanya, hilo la kufunua mara ya pili ndilo linanifanya nifumbe macho hata sasa nikiwa peke yangu.

"Zamu ya akina mama bado," nikasema.

"Itakuja?"

"Itakuja."

"Sharp," akasema, akaninyanyulia kidole gumba kama walivyomzoesha watoto wa jengo lao. Akaanza kuzirudisha karatasi kwenye plastiki.

Yule mkataji akainama mezani. "Si kulikuwa na swali la nguo kwenye ile fomu ya kwanza ya majaribio?"

"Walilitoa."

"Nani?"

"Wao," nikasema. Nikaita anayefuata.

Mama hakusubiri zamu. Siku moja alijipandisha mwenyewe ngazi za ofisi ya Marshalltown, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa, akapumzika kila ghorofa, akaweka karatasi zake mbele ya dada wakili. Jioni hiyo niliitwa juu. Nilifunga mikanda yangu kwenye gunia, nikapanda.

"Uliniambia wanafua wenyewe," dada wakili akasema.

"Nilidhani hivyo."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliandika barua upande wa pili akiomba swali lirudi. Jibu lilikuwa mistari miwili: la thelathini na nane litarudi siku ambayo la tisa litarudi. Mzee hakuwa ameongeza hata neno la uchungu. Bei ilikuwa ile ile.

Dada wakili akanikalisha. "Sikiliza. Kwenye sitini na mmoja, ni wangapi la tisa litawaumiza kweli? Wakiwa wachache, naweza kumwomba jaji majibu yao yasiende kwa kampuni. Nimeshaona ikifanyika. Wakiwa wengi, siwezi kuwaweka wote hatarini kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe unawajua. Nihesabie."

Fomu zote zilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Watu wenyewe nilikuwa na namba zao za simu. Ilikuwa kazi ya siku mbili, tatu kwa mtu mvivu.

"Zaidi ya nusu," nikasema.

Sikuwa nimehesabu hata mara moja. Mimi, ninayehesabu chenji mbele ya mhubiri. Mimi niliyekuwa nahesabu ovaroli mbili kana kwamba zinaweza kuwa moja na nusu. Dada wakili aliandika "zaidi ya nusu" kwenye daftari lake, akapiga mstari chini, na suala la mama likafungwa hapo.

Baada ya hapo nikawa naikwepa Doornfontein. Nguo nikaanza kufua mwenyewe, kwenye beseni, hivyo angalau uongo mmoja ukageuka kweli. Miezi ikapita. Siku moja mwaka 2018 kola ya shati langu zuri ilinishinda, nikajishauri, nikalibeba nikapanda mpaka ghorofa ya tano. Mlango ukafunguliwa na msichana wa chuo. Akasema mama aliyekuwa hapo amehama, ngazi zilimshinda, amekwenda Diepsloot, nje ya jiji, kwa binti yake mwenye spaza, duka dogo la mtaani. Nyuma yake niliona kibaraza. Chuma cha ukingo kilikuwa bado na weupe kwenye viungo, pale kitambaa kisipofika.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile na daftari langu la wadai, nikaanza kupiga simu. Siku tatu nilipiga simu. Nilimuuliza kila mtu kuhusu karatasi zake kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, na wakaniambia, kwa sababu waliniamini. Wengi walikuwa na hifadhi halali kabisa, wengine vibali vya kazi, wawili walikuwa wameoa hapa. Waliokuwa na tatizo la kweli walikuwa tisa. Nikarudia kuhesabu. Tisa. Wanane na mimi. Wale wanane nikawauliza, kama jaji angeyafunika majibu yenu mngejibu? Sita walisema ndiyo bila kufikiri. Mrundi mmoja alinicheka: "Grand, polisi wananiuliza swali hilo kila robot, kila taa za barabarani. Mahakama wataniuliza vibaya kuliko hao?"

Nikaenda kwa dada wakili nikamwambia yote. Nilimwambia na la Kigoma. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

"Fomu imefungwa," akasema hatimaye. "Imesainiwa na mahakama. Hailegezwi tena kwa hesabu yako." Kisha akavuta karatasi. "Ninachoweza ni kumfungulia mama kesi yake peke yake. Ndogo. Itakwenda polepole. Na nitahitaji mtu aliyetoa nguo kwenye karakana ile akaziweka mkononi mwake. Mtu anayeweza kuapa zilikuwa ngapi, siku gani, kwa miaka mingapi." Akaniangalia. "Unamjua mtu wa aina hiyo?"

"Namjua."

"Hati ya kiapo inaanza na jina lako kamili, mahali ulipozaliwa na kibali chako. Na hii itakwenda moja kwa moja upande wa pili. Hii siwezi kuifunika."

Kwa hiyo swali la tisa likanikuta tu, na safari hii halikuwa na mwenzake wa kubadilishana naye.

Nchi hii ina utaratibu wake: ukitaka kuapa bila kulipa, unakwenda kituo cha polisi, askari wa kaunta anakupigia muhuri. Mtu aliyekwepa polisi miaka yote hiyo alitembea kwa miguu yake mpaka kituoni, kurasa nne mkononi, ya kwanza ikisema alizaliwa Kigoma. Nilipanga foleni nyuma ya mtu aliyepoteza leseni. Askari alikuwa anakula karanga. Aliniuliza kama naelewa kilichoandikwa, nikasema naelewa. Akauliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akapiga muhuri mara nne, akasaini, akanirudishia. Hakusoma hata mstari mmoja. Nje nilizihesabu kurasa, nne, nikazihesabu tena, nne, na nikasimama pale kama mjinga aliyesukuma kwa bega mlango uliokuwa wazi.

Kesi yetu kubwa ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2019. Nilipimwa na daktari, nikaambiwa kifua changu kina alama ndogo tu. Barua yenye swali kuhusu Kigoma yangu haijaja. Inaweza ikaja, na siendi kuitafuta. Kesi ya mama wakati huo ilikuwa bado inasubiri tarehe ya daktari.

Nilikwenda Diepsloot Jumapili mchana. Spaza ya binti yake ni kontena lenye dirisha la nondo. Mama alikuwa amekaa nyuma ya kaunta juu ya kreti la mkate lililogeuzwa, anawapimia watu sukari. Binti akatupisha, akaenda kusimama nje. Nikamwambia. Nilianza na la Uvira, kwa sababu nilidhani ndilo litakalomuumiza zaidi, yeye aliyezikimbia risasi zenyewe.

Alifunga fundo la mfuko wa sukari. "Hilo nilijua, papa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza. Mtu wa kwetu hahesabu nguo mbele ya mama anayemfulia." Akapumua, akangoja pumzi irudi. "Nilisema, huyu ana shida zake, acha ahesabu."

Kisha nikamwambia la swali. Korido, biskuti, "wote", zaidi ya nusu. Nilimwambia na ile siku ya ukumbini, kwamba nilipofunua mara ya pili nilikuwa najua hakuna. Hakunikatiza. Mteja alikuja dirishani akataka yai moja, akampa, akarudi kukaa.

"Hilo sikujua," akasema.

Nilingoja anitukane, na hakunipa hata hilo. Baadaye akauliza, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei:

"Lilikuwa linasemaje, hilo swali?"

"Nani alifua nguo zako za kazi, na wapi?"

Akanyoosha kitenge magotini, akakaa wima kama alivyokaa siku ile mbele ya meza yangu.

"Ni mimi," akasema. "Doornfontein. Ghorofa ya tano, kwenye kibaraza."

Akanitazama, akisubiri niandike. Mikono yangu ilikuwa mitupu.